Sauti, Mazoezi na Kiuno Kinachouma: Barua Iliyotufikisha Kamere



Miezi michache iliyopita ilitufikia barua kutoka kwa mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Kilifi, ambaye maisha yamemhamishia bara. Aliolewa huko, akapata kazi katika mashamba ya maua ya Naivasha, na huu ni mwaka wake wa 11 akiishi Kamere, kitongoji kilichopo upande wa kusini wa ziwa. Barua yake ilikuwa na swali moja. Kuna mtu anayezunguka akiuza kifaa cha "tiba ya sauti", ambacho huvaliwa kiunoni kama mshipi na kudaiwa kuondoa maumivu ya mgongo bila dawa wala jasho. Bei yake inakaribia mshahara wake wa miezi miwili. Zamu yake ya kupokea fedha za chama ilikuwa inakaribia. Je, anunue?

Tungeweza kumjibu kwa mistari minne. Lakini mwishoni mwa barua, baada ya kutuombea dua na kuwasalimia wasomaji, aliongeza kwamba imetimia miezi mitano hajaweka paji la uso wake juu ya mswala. Anaswali kwenye kiti cha plastiki, na bintiye wa miaka sita amekwisha kumuuliza kwa nini mama haswali kama watu wengine. Barua ile ilitukalia moyoni. Wiki mbili baadaye, tukiwa na shughuli ya harusi Nakuru, tuliamua kushukia Naivasha na kwenda kumwona.

Asiyewahi kufika Kamere ajue kwanza kwamba kuna baridi. Ziwa Naivasha liko juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 1,890, na sisi watu wa joto tulioshuka kwenye matatu na buibui nyepesi tulilijua hilo kabla ya kuambiwa. Upande mmoja ni ziwa, upande wa pili ni miamba ya mbuga ya Hell's Gate na mvuke wa Olkaria unaopanda angani. Katikati ni nyumba za mabati za vyumba kimoja kimoja, vibanda vya samaki, na umati wa watu wanaoamka kabla ya alfajiri. Maua ndiyo yaliyowaleta wengi wao. Mawaridi yanayokatwa hapa leo hufungwa, hupozwa, husafirishwa kwa ndege na kuuzwa Ulaya siku chache baadaye. Katika majuma yanayotangulia tarehe 14 Februari, saa za kazi hurefuka na miili ya wafanyakazi hulipa.

Mwenyeji wetu alitueleza kazi yake akiwa amesimama, kwani kukaa kulimuuma zaidi. Miaka ya kwanza alikuwa akivuna. Mvunaji huinama, hukata shina, huinuka na kuligeukia toroli, kisha huinama tena, katika joto la nyumba za plastiki. Baadaye alihamishiwa kwenye ukumbi wa kupangia maua, ambako mtu husimama mahali pamoja kwenye sakafu ya saruji iliyolowa, akipima urefu wa mashina na kuyafunga mashada. Akirudi nyumbani humkuta mtoto wa kubeba, ndoo za maji za kuinua, na nguo za kufua akiwa ameinama juu ya beseni. "Dada zangu," alisema, "hiki kiuno hakijui Jumapili."

Hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na kwamba idadi hiyo inakadiriwa kufika milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Hakuna maradhi mengine yanayowazuia watu wengi zaidi kufanya shughuli zao. Wanawake huumwa zaidi kuliko wanaume. Tena kwa watu 9 kati ya 10, maumivu hayo hayana ugonjwa maalumu wa kuonyeshwa kwa kidole: mfupa haukuvunjika, hakuna uvimbe wala maambukizi. Misuli imechoka, viungo vimekakamaa, na mfumo wa fahamu umezoea kupiga kelele.

Neno hili la kelele tunataka kulikalia kidogo, kwa maana ndilo mlango wa kuingilia katika suala la sauti. Watu wengi hudhani maumivu ni kipimo sahihi cha uharibifu, kwamba panapouma sana ndipo palipoharibika sana. Sivyo. Mwaka 1965 wanasayansi wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu mfano wa lango. Habari za maumivu zinapopanda kwenda kwenye ubongo hulipita lango hilo, nalo huweza kufunguka zaidi au kufungwa kiasi. Mguso, mwendo na mtetemo husaidia kulifunga. Hofu, kukosa usingizi na huzuni hulifungua. Ndiyo maana mama humsugua mtoto aliyejigonga, na mtoto hunyamaza kweli. Ndiyo maana pia kiuno kile kile huuma mara mbili siku ambayo ada ya shule haijapatikana. (Mwenyeji wetu alicheka tulipomweleza kwamba huo ndio mlango mwingine, mbali na ule wa Hell's Gate ulio nyuma ya nyumba yake.)

Sasa twende kwenye kifaa. Tulipokiuliza habari zake tuligundua kwamba neno "tiba ya sauti" linabeba vitu vitatu vilivyo mbalimbali, na muuzaji hunufaika kwa kuvichanganya.

Cha kwanza ni mawimbi ya sauti yasiyosikika, ambayo hutumiwa katika vyumba vya tiba ya viungo. Mtaalamu hupaka mafuta mazito mgongoni na kupitisha kichwa cha mashine kinachotoa mitetemo milioni moja au zaidi kwa sekunde. Sikio la mwanadamu huishia kwenye 20,000. Mashine hiyo imetumiwa kwa miongo mingi na wengi wetu tumepitishiwa mgongoni. Lakini mwezi Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kutibu maumivu sugu ya kiuno bila upasuaji, liliiweka miongoni mwa mambo yasiyopendekezwa kuwa tiba ya kawaida, kwa kuwa faida yake haikuthibitika. Katika kundi hilo hilo liliweka mikanda ya kubana kiuno, kuvutwa mgongo kwa uzito, na dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni. Mshipi anaouziwa mwenzetu, kama ni mkanda na kama ni wa mawimbi, umo mara mbili.

Cha pili ni mitetemo mizito inayosikika na kuhisiwa mwilini. Mnorwe mmoja, Olav Skille, aliianzisha miaka ya 1980 kwa kumlaza mgonjwa juu ya kitanda chenye spika na kupitisha sauti nene za kati ya mitetemo 30 na 120 kwa sekunde. Aliyewahi kukaa karibu na ngoma kubwa ya harusi akahisi kifua kikitikisika anajua ni kitu gani. Wengi husema kinawalegeza. Hilo hatulikatai. Lakini kulegea kwa nusu saa ni jambo moja, na kiuno kuweza kubeba ndoo mwezi ujao ni jambo jingine.

Cha tatu ni sauti ya kusikiliza tu: kisomo, kasida, maji, ndege, au muziki kwa wanaosikiliza muziki. Hii haina mashine, na ndiyo tuliyoikuta na ushahidi wa kutia moyo zaidi, kwa sharti kwamba isiachwe peke yake. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliofanyika Ufaransa kwa wagonjwa 65 waliolazwa kwa maumivu sugu ya kiuno. Wote walipewa mazoezi ya viungo, na nusu yao wakaongezewa vikao vichache vya kusikiliza. Walioongezewa walipungukiwa zaidi na wasiwasi na huzuni, na wakaweza zaidi shughuli za kila siku. Huko Uingereza, Profesa Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel ametumia miaka mingi kuchunguza namna mapigo ya sauti yanavyomsaidia mwenye kufanya mazoezi, na alilolikuta ni kwamba katika mazoezi mepesi na ya wastani mtu huhisi uchovu kidogo zaidi anapokuwa na sauti ya kumwongoza. Mazoezi yakiwa mazito, mwili hupaza sauti yake na kuifunika ile ya nje.

Kwa ufupi, sauti hupunguza hofu na uchovu, mazoezi nayo hujenga. Sauti peke yake haikazi msuli hata mmoja, na mazoezi peke yake huachwa siku ya nne kwa sababu yanauma na yanachosha. Tunaviona kama chumvi na mchuzi. Asiye na mchuzi, chumvi itamfaa nini?

Hapa pana jambo la adabu ambalo hatuwezi kulipita. Mara tu tulipotaja kusikiliza, mwenyeji wetu alisema atawasha Qur'ani kwenye simu wakati wa kunyoosha viungo. Nia yake ilikuwa njema. Hata hivyo, tumeamrishwa kwamba inaposomwa Qur'ani tuisikilize na tunyamaze, na sisi hatuoni vyema kukifanya Kitabu cha Allah kuwa kipimo cha kuhesabia miguu inayopanda na kushuka, huku mtu akiguna na kuwagombeza watoto. Tukashauriana, tukagawa. Wakati wa mwendo na mazoezi asikilize kasida kwa sauti tupu, au asisikilize chochote bali ahesabu mwenyewe kwa sauti ya chini. Kisomo kiwekwe mwishoni, mwili ukiwa umetulia, akiwa amelala chali na kuvuta pumzi taratibu, moyo ukiwa hapo. Kuhusu muziki wa ala, wanachuoni wamekwisha kuyasema wanayoyasema, na ukurasa huu wa familia si mahali pa kuufungua mjadala ule. Anayejiepusha nao hapungukiwi na kitu katika haya tunayoyaeleza.

Mazoezi yenyewe hayakuwa mengi. Tulianza na pumzi. Alilala chali juu ya mkeka, magoti yamekunjwa, mkono mmoja tumboni, akavuta hewa kwa pua mpaka mkono ukainuka, akaitoa polepole kuliko alivyoivuta. Mara kumi hivi. Tuliona mabega yake yakishuka bila ya kuambiwa. Kisha akavuta goti moja kuelekea kifuani, akalishika kwa hesabu ya kumi, akabadilisha. Baada ya hapo, nyayo zikiwa chini, akainua nyonga mpaka mwili ukawa mstari kutoka mabegani hadi magotini, akakaza makalio, akashuka pole. Zoezi hili la daraja ndilo alilolichukia na ndilo lililomfaa zaidi, maana misuli ya makalio ikilala, kiuno hubeba kazi isiyokuwa yake.

La mwisho ni la mkao wa kutambaa, viganja na magoti yakiwa chini. Kwanza kuupandisha mgongo kama paka aliyeshtuka na kuulegeza tena, mara sita au saba. Halafu kunyoosha mkono wa kulia mbele pamoja na mguu wa kushoto nyuma, mgongo ukiwa umetulia kiasi kwamba bakuli la maji lisingemwagika, hesabu ya tano au sita, kisha upande wa pili. Profesa Stuart McGill wa Kanada amelifanya zoezi hili kuwa mashuhuri kwa sababu linakaza mgongo bila kuukandamiza. Kwa mwanamke mwenye staha ya mavazi lina faida nyingine: linafanyika chumbani, mlango umefungwa, kwa dera lile lile la nyumbani. Hakuna haja ya ukumbi wala ada.

Baada ya hayo ni kutembea. Tunalipa uzito jambo hili kwa sababu mwaka 2024 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti wa Australia uliowahusisha watu wazima 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno siku za karibuni. Waliowekwa kwenye utaratibu wa kutembea na kupewa mafunzo kidogo walikaa, kwa wastani wa kati, siku 208 kabla ya maumivu kurudi. Wasiopewa kitu walikaa siku 112. Waliongezewa mwendo polepole, wakilenga dakika 30, mara tano kwa juma. Mwenyeji wetu alipinga. "Mimi husimama kutwa nzima, nitembee tena?" Ni hoja ya haki. Lakini kusimama mahali pamoja si kutembea. Msuli unaosimama hukaza na kunyimwa damu, unaotembea hukaza na kulegea. Tulikubaliana aanze na dakika kumi, na ashuke kituo kimoja kabla ya chake anaporudi kutoka kazini.

Kwa Kamere pana tahadhari ya pekee ambayo vitabu vya tiba havina. Njia inayoelekea ziwani ni nzuri asubuhi, tai mla samaki analia, upepo ni mwanana, na hiyo pia ni tiba ya sauti ya bure. Jua likizama njia hiyo si ya watu. Viboko hutoka majini kula majani, na kiboko hana subira na mtu aliyeziba masikio kwa vipokea sauti. Barabarani nako, kwa ajili ya pikipiki, sikio moja libaki wazi.

Tukarudi kwenye kiti cha plastiki. Mwanzo tulimtuliza. Sahaba Imran bin Husayn, radhi za Allah ziwe juu yake, alipolalamika maradhi yake, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, na akishindwa akae, na akishindwa alale ubavu. Habari hiyo imo katika Sahihi ya Imam Bukhari. Kwa hiyo swala yake ya kitini haikuwa pungufu, na bintiye tukamweleza hivyo, kwa lugha ya mtoto. Lakini pia tulimwonyesha jambo. Mwaka 2017 watafiti, akiwemo Profesa Mohammad Khasawneh wa Chuo Kikuu cha Binghamton nchini Marekani, walitumia kompyuta kupima mzigo unaoingia mgongoni katika kila tendo la swala. Walikuta kwamba rukuu ndiyo inayokilemea kiuno zaidi, na kwamba mwenye maumivu akiyakunja magoti na mgongo kwa pembe inayomfaa, mwendo huo unaweza kumpunguzia maumivu badala ya kumzidishia. Mwenyeji wetu alikuwa akirukuu kwa kuukunja mgongo wenyewe kama upinde, miguu ikiwa imekakamaa. Tulimwomba aanze kuinama nyongani, mikono ishike magoti, mgongo unyooke. Alikwenda, akasita, akasema, "Hapa hapaumi."

Tusije tukaeleweka vibaya. Swala ni ibada, haiswaliwi kwa ajili ya kiuno, na faida ya mwili ikipatikana ni nyongeza. Anayetaka mazoezi ayafanye mazoezi.

Kuna maumivu ambayo hayangojei mkeka wala kasida. Mtu akipoteza uwezo wa kuzuia mkojo au haja kubwa, akifa ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au mguu ukianza kulegea, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Maumivu yanayofuatana na homa, kukonda na jasho la usiku yapimwe kwa haraka, kwani kifua kikuu huingia katika mifupa ya mgongo, na katika nchi zetu ugonjwa huo haujatoweka. Vivyo hivyo aliyeanguka, aliyewahi kutibiwa saratani, na mja mzito mwenye maumivu yanayokuja na kupita kwa vipindi. Na tunawasihi akina mama waache mazoea ya kuchomwa sindano ya maumivu kila mwisho wa mwezi kwenye duka la dawa, au kumeza vidonge hivyo kila siku kwa miaka. Figo na tumbo hazilalamiki mapema. Mwenzetu alikuwa na sahani ndogo iliyojaa maganda ya vidonge; tulimwomba aende nayo kwa daktari ili ayaone. Alikwenda Naivasha mjini, akapimwa, akaambiwa hana ugonjwa wa hatari, akaelekezwa kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye alimbadilishia zoezi moja na kumwachia mengine.

Kazini ndiko kulikokuwa kugumu. Mazoezi ya robo saa hayawezi kushindana na saa nane za kuinama kama hakuna kinachobadilika huko, na hatupendi makala zinazomwambia mfanyakazi ajinyooshe huku meza yake imewekwa chini ya kiwango cha kiuno. Wanawake watano wa meza yake walimwendea msimamizi pamoja. Waliomba kupandishiwa meza kwa matofali, wabadilishane kazi ya kusimama na ya kutembea kila baada ya saa mbili, na wapate vipande vya mpira vya kukanyagia juu ya saruji. Matofali walipewa juma lile lile. Kubadilishana kazi kumekubaliwa nusu. Mpira wanaungoja hadi leo.

Tulizungumza naye kwa simu juzi, wiki ya 13 tangu tuonane. Maumivu hayajaisha. Anayapima mwenyewe kwa vidole: zamani yalikuwa vidole nane, siku nyingi sasa ni vitatu, na msimu wa maua mengi hurudi sita. Anatembea dakika 25. Kisomo cha usiku anakisikiliza amelala chali, na mara nyingi, anakiri, usingizi humchukua kabla sura haijaisha. Fedha za chama alizipokea. Sehemu amelipia ada, sehemu amenunua godoro gumu kidogo, na muuzaji wa mshipi anaendelea kumpigia simu. Sijida ya alfajiri, mwili ukiwa bado na baridi, anaiweka kwenye kiti. Adhuhuri hadi Isha anaiweka chini, na bintiye husimama pembeni yake. Ametuagiza tumpelekee mkeka wa ukindu kutoka nyumbani, wenye nyuzi nene, kwa sababu ule wa nailoni unateleza magotini anapofanya lile zoezi la paka.

Tumekwisha kuupata, kutoka kwa fundi mmoja wa Malindi. Utapanda basi Alhamisi.